Barua za vitani zilizobaki kwa bibi zetu: mwongozo kamili wa kuzitafuta, kuzisoma na kuzitunza

Kama kwenu ni Rungwe, Mbozi, Njombe, Makete, Mufindi au Iringa vijijini na ukoo ulikuwa na babu aliyeingia Keya (KAR, jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki) akaenda mpaka Burma (Myanmar ya leo) vita kuu ya pili, au baba, mjomba, kaka aliyepelekwa Kagera kwenye vita na Idi Amin wa Uganda mwishoni mwa 1978, basi kabla hujasema sisi hatuna kitu nenda kaulizie vizuri. Barua zipo. Zipo kwenye sanduku la bati chini ya kitanda cha bibi, zipo katikati ya kurasa za Biblia, zipo kwenye mfuko wa sukari uliochomekwa darini juu ya jiko la kuni, na ukitokea msiba wanakuja vijana kusafisha nyumba, wanayaona makaratasi yamekuwa ya njano wanayachoma pamoja na takataka nyingine na ndo imeisha hiyo.

Wake wa askari wa Kagera wengi sasa ni bibi wa miaka sitini na kitu, sabini, themanini. Bado wanakumbuka nani alileta barua na walijibu nini. Wa Burma hao karibu wote wameshatangulia, wamebaki watoto wao nao wazee. Kwa hiyo hii kazi siyo ya kusubiri likizo ya mwaka kesho.

Nitaenda hatua kwa hatua, ila kwenye kusoma nitakaa sana maana ndo watu wanapoharibu. Wanachukua barua, wanatoa humo "habari za vita", salamu wanazitupa. Na mimi nakwambia kwenye barua ya askari salamu ndo barua yenyewe, utaona kwanini.

Anza na mwenye barua, sanduku baadaye

Karatasi ni mali ya aliyeandikiwa. Hata kama wewe ndo mjukuu msomi na una simu nzuri, hiyo barua ni ya bibi na ukiingia kwa haraka haraka utaambiwa hakuna kitu, na yeye ana haki ya kusema hivyo. Nenda na shangazi au binti yake mkubwa, salamu zikamilike kwanza, ugonile au kamwene kulingana na uko upande gani, chai inyweke, ya watoto na mashamba yaulizwe, halafu ndo uombe. Omba kusikia kabla ya kuomba kuona. Sema bibi naomba unisimulie babu alipokuwa vitani mlikuwa mnapataje habari zake. Akianza kusimulia mara nyingi mwenyewe ndo atanyanyuka kwenda chumbani.

Halafu angalia nani yupo hapo ndani. Barua ya mume kwa mke ina mambo ya chumbani, ina wivu, ina lawama za pesa, ina maswali ya mtoto kazaliwa lini. Kwa upande wa Unyakyusa heshima ya mkwe na mkamwana bado nzito, usimkalishe mkamwana asome kwa sauti barua ya baba mkwe mbele ya watu eti kwa sababu yeye ndo anajua kusoma vizuri. Tafuta mjukuu, kwa bibi na mjukuu kidogo kuna nafasi.

Washa rekoda ya simu kwa ruhusa yake na uliza haya mambo manne, usikose hata moja: nani aliandika hii barua kwa mkono, ilifika hapa kwa njia gani, nani aliisomea familia, na mlijibu nini. Hilo la mwisho ni la muhimu kupita yote maana majibu yaliyotoka Tukuyu au Lupembe kwenda vitani mengi yalipotelea hukohuko. Kilichobaki ni upande mmoja tu wa mazungumzo, upande wa pili uko kichwani kwa bibi.

Kuzitoa na kuzifungua

Mezani tandika shuka safi jeupe au karatasi nyeupe, mikono ioshwe ikaushwe vizuri, usipake mafuta, chai ikae mbali. Kabla hujagusa kifurushi kipige picha kilivyo, kilivyofungwa na kilivyopangana, kwa sababu mpangilio nao ni taarifa, pengine bibi alifunga pamoja zile za mwaka mmoja au zile zilizokuja na pesa.

Barua iliyokunjwa miaka arobaini au themanini usiilazimishe, itakatika palepale kwenye mkunjo. Kama ni kavu sana, na hili linatokea sana Iringa na Makambako kipindi cha kiangazi, chukua beseni kubwa la plastiki lenye mfuniko, weka bakuli ya maji ndani, weka na kichujio au waya wa kukaangia juu ya kitu kingine ili barua ikae hewani isiguse maji kabisa, funika masaa machache. Karatasi italegea yenyewe, utaifungua taratibu, utaiweka katikati ya karatasi mbili nyeupe na vitabu vizito juu mpaka kesho yake. Ila usifanye hivi kama ina ukungu, na usifanye kama wino ni ule wa kalamu ya kuchovya au ya kujaza, ule unachuruzika. Hiyo iache, piga picha kadiri inavyofunguka.

Upande wa Tukuyu na Rungwe shida ni kinyume chake, mvua haikatiki, karatasi inapata ukungu na kurasa zinashikana. Vaa barakoa, zianike kivulini sehemu yenye hewa, SIYO juani, zikikauka kabisa ndo upanguse ukungu na brashi laini mpya ya kupakia rangi ukiwa nje ya nyumba. Zilizoshikana usizibandue kwa nguvu.

Na haya usifanye hata mtu akikushauri kwa nia njema: selotepu, gundi, laminesheni, pini, pasi ya umeme. Selotepu inageuka njano inakula karatasi na maandishi yanaondoka nayo. Laminesheni watu wanaipenda sana, stationari zote za Mwanjelwa pale Mbeya wanafanya, lakini ukishafanya hairudi nyuma tena, umeichoma barua ndani ya plastiki.

Piga picha zote kabla ya kusoma hata moja

Simu inatosha. Kaa karibu na dirisha mchana bila jua la moja kwa moja, zima flashi, simu iwe sambamba na karatasi, piga mbele, nyuma, bahasha mbele, bahasha nyuma, hata ule upande ambao unaona hauna kitu. Weka rula pembeni kwenye picha moja ili ukubwa ujulikane. Ukipata skana ya kawaida skani kwa dpi 600 (kipimo cha ubora wa picha), ikishindikana basi 300, na mwambie mwenye stationari asiipitishe kwenye ile mashine inayovuta karatasi yenyewe, ilazwe kwenye kioo.

Maandishi ya penseli yaliyofutika yana njia yake: giza chumbani, tochi ilazwe pembeni kabisa ya karatasi ili mwanga ukwaruze juu, penseli iliacha mabonde na vivuli vitaonekana, hapo piga picha. Wino uliopauka ukibadilisha picha kuwa nyeusi na nyeupe halafu ukaongeza kontrasti mara nyingi unarudi.

Majina ya faili yaanze na mwaka, mfano 1979-04 barua ya 3 uk 1. Usijaze IMG tupu, baada ya wiki hutajua kipi ni kipi. Kopi ziwe sehemu tatu: simu au kompyuta, flashi au hard disk inayokaa nyumba nyingine, na mtandaoni kwenye akaunti ambayo watu wawili wa familia wana neno siri lake. Ukizitupia kwenye grupu la ukoo WhatsApp ujue inapunguza ubora wa picha, hiyo siyo kopi ya kutunza.

Soma bahasha kwanza

Watu wanatupa bahasha na hapo ndo pana tarehe. Barua za vita kuu ya pili kutoka kwa Keya utakuta kona ya juu herufi OAS, maana yake mwandishi yuko kwenye utumishi wa vitani, na muhuri wa posta ya jeshi wenye EA APO na namba. Jina la mahali huwezi kukuta na ilikuwa makusudi, ile namba ndo ilisimama badala ya mahali ili adui asijue kikosi kiko wapi. Ubavuni pengine kuna kikaratasi kimebandikwa kimeandikwa Opened by Examiner, au muhuri wenye neno Censor. Hiyo ni alama kwamba barua ilifunguliwa na kusomwa na mtu wa serikali njiani. Usiibandue, usiikate kuchukua stempu. Stempu za wakati huo zilikuwa za pamoja, Kenya, Uganda na Tanganyika, zenye kichwa cha mfalme George wa Sita.

Barua za Kagera ni tofauti, nyingi ni bahasha za kawaida, au hata hazikupita posta, alipewa majeruhi au dereva aliyekuwa anarudi. Angalia namba ya jeshi inayoanza na MT na namba ya kikosi yenye herufi KJ. Anuani ya kupokelea nayo iangalie, mara nyingi ilikuwa S.L.P. ya shule, ya misheni, ya duka la mtu, kwa mkono wa mwalimu au katekista fulani. Hapo umeshapata jina la mtu aliyekuwa anashika barua za kijiji kizima, na watoto wake huenda wanazo ambazo hazikuchukuliwa.

Sasa kusoma

Jambo la kwanza, mwandiko siyo lazima uwe wa babu. Askari wengi wa Keya hawakuwa wamesoma, walikuwa wanamwambia mwenzao anayejua kuandika, na nyumbani barua ikifika inasomwa na mwalimu au mtoto wa shule mbele ya watu ukumbini. Kwa hiyo hiyo barua imepita midomo mitatu minne. Mtu anayeandika kupitia mwenzake na anajua itasomwa mbele ya baba yake hawezi kumwambia mkewe nimekukumbuka hivihivi, anasema "msalimie mama wa watoto", basi, na mke akisikia hapo anajua. Linganisha miandiko: kama barua tatu za askari watatu wa vijiji tofauti zina mwandiko mmoja, umempata mwandishi wa kombania.

Jambo la pili, mkaguzi. Babu alikuwa anajua ofisa atasoma. Mahali hapatajwi, idadi haitajwi, waliokufa hawatajwi. Utakuta "tuko mbali ng'ambo", "huku mvua ni nyingi", "tunaendelea na kazi". Usiseme babu alikuwa haandiki chochote cha maana. Ofisa akikuta kilichokatazwa alikuwa anakikata kwa mkasi au anakifuta kwa wino, ukikuta dirisha kwenye karatasi usidhani ni panya mpaka uangalie kingo zake kama zimenyooka. Na hao wakaguzi walikuwa wanaandikia wakubwa muhtasari wa manung'uniko ya askari wa Afrika Mashariki, pesa za familia kuchelewa, likizo hakuna, wasiwasi wa wake nyumbani. Askari alikuwa anakatiwa sehemu ya mshahara inalipwa nyumbani kupitia bomani kwa D.C. (mkuu wa wilaya), ndo maana barua nyingi zinauliza pesa imefika au haijafika, ng'ombe wamenunuliwa wangapi, mahari ya mdogo wangu imeishia wapi. Hizo sehemu zinakili neno kwa neno hata kama zinaaibisha kidogo, hapo ndo mtu anaongea mwenyewe.

Jambo la tatu ndo salamu. Zile za "mimi ni mzima wa afya hofu ni kwenu", "ama baada ya salamu", halafu yanafuata majina nusu ukurasa, nisalimie baba mkubwa, nisalimie shangazi wa Ilembula, nisalimie mama wa fulani na watoto wake, nisalimie wote wa kwa Mwa-fulani. Watu wanaruka hapo wanasema anarudia rudia. Sasa kaa chini uandike kila jina kwenye mstari wake, na mwaka wa barua pembeni, halafu barua inayofuata hivyohivyo. Utaona jina lililokuwa la tatu limehama limekuwa la kwanza, hapo kuna aliyefariki na sasa yeye ndo mkubwa wa nyumba. Utaona mtoto ametokea. Utaona mke hasalimiwi tena, au anasalimiwa kwa jina la kwao badala ya mama fulani. Utaona askari mwenzake wa kijiji jirani ambaye kila barua alikuwa anatuma salamu zake humohumo, "fulani naye anawasalimu", halafu barua moja hayupo na hakuna maelezo. Kwa sheria ya vita hakuruhusiwa kuandika kwamba amekufa. Wasomaji wa nyumbani walielewa kwa kutokutajwa tu. Hiyo ni taarifa nzito kuliko maelezo yoyote ya bunduki na ndiyo inayotupwa na anayenakili habari peke yake.

Jambo la nne, lugha. Nyingi ni Kiswahili cha barua, lakini katikati kunachomoza Kinyakyusa, Kihehe, Kibena, Kikinga, mara nyingi pale anapotaka kusema kitu ambacho siyo cha kila mtu. Usitafsiri kwa kubahatisha. Nakili kilivyo, peleka kwa mzee wa lugha hiyo, andika maana pembeni na uandike ni nani kakwambia.

Ukinakili acha makosa yake ya tahajia yabaki, usimsahihishe babu. Neno lisilosomeka weka alama ya kuuliza, palipokatika andika pamekatika. Mwishoni taja nani alinakili na lini.

Kuipata barua ilitoka wapi

Tarehe ikiwepo na mahali hapapo unaweza kukadiria. Wa vita vya Hitla: Keya walipigana Somalia na Ethiopia 1941 mpaka Waitaliano wa Gondar walipojisalimisha Novemba mwaka huo, Madagaska ilikuwa 1942, baada ya hapo wengi wakawa Ceylon (Sri Lanka ya leo) kwenye mazoezi, na divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, ile yenye alama ya kichwa cha kifaru, iliingia Burma katikati ya 1944, ikapigana bonde la Kabaw kwenye mvua na matope mpaka mto Chindwin Desemba 1944. Kwa hiyo barua ya Septemba 1944 inayolalamikia mvua na malaria una pa kuanzia. Kama ukoo unasema babu alizama na meli usilichukulie kama hadithi ya jioni, meli ya Khedive Ismail ilitoka Mombasa kwenda Colombo ikapigwa na manowari ya Wajapani tarehe 12 Februari 1944, wakafa zaidi ya watu 1,200 na wengi wao walikuwa askari wa mizinga wa Afrika Mashariki.

Wa Kagera: uvamizi ulikuwa Oktoba 1978, Mwalimu akatangaza vita Novemba, Mutukula Januari 1979, Masaka na Mbarara mwishoni mwa Februari, Lukaya Machi, Kampala 11 Aprili, halafu wakasukuma mpaka mpaka wa Sudan na vita ikaisha mwanzoni mwa Juni. Usisahau mgambo. Familia nyingi zinasema baba hakuwa mwanajeshi, kumbe alichukuliwa mgambo akapelekwa.

Kwa ambao hawakurudi, wa vita kuu zote mbili watafute kwenye tovuti ya Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola, bure kabisa. Tafuta kwa namba ya jeshi kwanza, majina yetu yaliandikwa na Waingereza kwa kusikia, Mwakitu inaweza kuwa chochote. Waliokufa Burma bila kaburi kujulikana majina yao yako kwenye mnara wa Rangoon ndani ya makaburi ya Taukkyan. Wapagazi wa vita ya kwanza wengi hawakuandikwa majina kabisa, hapo ukikosa usikate tamaa na ukoo wako, rekodi ndo hazikuwajali. Wa Kagera wengi wamelazwa Kaboya, wilaya ya Muleba.

Kuzihifadhi

Boksi moja la kadibodi safi au la plastiki lenye mfuniko, kila barua kwenye karatasi nyeupe ya A4 iliyokunjwa kama folda, bahasha yake pamoja nayo. Bahasha za kaki hapana, zina asidi inayogeuza karatasi kahawia. Gazeti hapana. Mfuko wa rambo hapana, unatoa jasho. Namba andika kwa penseli laini kwenye folda, barua yenyewe usiiandike. Vile vipakiti vinavyokuja kwenye viatu vipya vya kunyonya unyevu tupia humo, ila vibadilishe. Boksi likae juu ya rafu, mbali na ukuta wa nje na sakafu kwa ajili ya mchwa, na mbali na moshi. Naftalini usiziweke zikagusana na karatasi. Ukikuta wadudu, funga barua KAVU kwenye mfuko usiopitisha hewa, weka friza wiki mbili, toa acha siku nzima bila kufungua mfuko, halafu fungua.

Kuzitoa kwa watu

Ukitaka kuposti ficha namba ya jeshi, matapeli wa mafao wapo. Yanayohusu ndoa na watoto wa watu walio hai yaache nyumbani mpaka wenyewe waseme ndiyo. Na ujue kitu hiki: karatasi ni ya bibi lakini maneno ni ya aliyeandika, sheria ya hakimiliki ya Tanzania inayalinda maisha yake na miaka 50 baada ya kifo chake, kwa hiyo kama unachapisha kitabu warithi wake wakubali kwa maandishi.

Kwa kutunza zaidi unaweza kuongea na makumbusho ya Iringa Boma pale mjini, na Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa, au maktaba ya chuo kilicho karibu na wewe. Ushauri wangu toa kopi nzuri na rekodi ya sauti ya bibi, orijino ibaki kwenye ukoo kama kuna mtu wa kuaminika, na kama hayupo ndo utoe orijino. Ukitoa, andikeni orodha ya barua moja moja na hali ya kila karatasi, andikeni nani anaruhusiwa kuona na nani haruhusiwi, pande zote mbili zisaini, na nakala ya hayo makabidhiano irudi na wewe nyumbani ikae na zile picha.